Thelathini na Nne Ukutani

Kitenge kipya kina harufu yake, na mtu aliyelelewa nayo hawezi kudanganywa. Ni nta, ni rangi, ni karatasi ya boksi lililosafiri mbali. Wiki mbili baada ya kumzika mama nilifungua sanduku lake la bati, chumbani kwake Kawempe, harufu ile ikanipiga usoni nikakaa sakafuni kama niliyesukumwa. Nilikuwa nimejiandaa kulilia nguo zake. Wapi! Nguo nilizipita zote kwa macho makavu. Kilichonivunja kilikuwa chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu: ripoti zangu za darasa la tano, zote tatu, na ile ya kwanza bado ina matundu manne ya misumari kwenye pembe zake.

Nililia, lakini zaidi nilikasirika. Miaka yote ile nilidhani alizichoma.

Tulifika Kampala kutoka Bukavu, mama na mimi, na mabegi mawili. Baba alikuwa amefariki, na hapa simwingizi zaidi ya hapo. Tukapata chumba kimoja katika safu ya vyumba sita: bomba moja, choo kimoja, na ua wa saruji ambamo kila mtu alijua mwenzake amepika nini. Mama alishika kazi iliyoshikwa na akina mama wengi wa kwetu. Alichukua vitenge kwa wauzaji wa jumla Kisenyi, akavipanga kichwani na begani, akatembea navyo saluni hadi saluni, ofisi hadi ofisi, mpaka jua linazama. Magoti yake yakavimba. Jioni aliyakanda kwa maji ya moto na chumvi huku akinitazama nikiandika.

"Faida," ananiambia, "mi natembea muchana muzima juu weye ukae kwa kiti. Siku kichwa chako kitalala, basi, tutatembea wote wawili."

Hakuwa anatisha tu. Pale uani walikuwapo wasichana wawili wa kwetu waliokwisha kutolewa shule, na kila asubuhi niliwaona wakitoka na mizigo vichwani, wakiitazama sare yangu. Niliuogopa mzigo ule kuliko nilivyoogopa mbwa, na mbwa wa Kawempe mnawajua.

Mama hakujua kusoma. Namba alizijua, tena sana. Bei ya vipande kumi na viwili aliijumlisha kabla mteja hajamaliza kuuliza. Lakini maneno yaliyoandikwa hakuyaweza, kwa hiyo macho yake nilikuwa mimi. Barua ya ofisi ya wakimbizi, karatasi ya dawa, jina la jengo, chochote kile, ananinyooshea: "Soma." Nami nasoma. Nusu nilibahatisha, maana barua zilikuwa za Kiingereza na mimi nilikuwa na Kifaransa kidogo cha kuombea maji, ila nilibahatisha kwa sauti ya uhakika. Niliipenda kazi ile. Mtoto anayemsomea mama yake ana cheo nyumbani, hata kama kitanda analalia upande wa ukutani.

Shule ilinitia darasa la tano kwa sababu ya urefu wangu, nadhani. Mwalimu Nakato, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alifundisha kwa Kiingereza, na akikasirika anakaripia kwa Kiganda. Muhula mzima wa kwanza sikuelewa kitu. Nilinakili ubao kama mtu anayechora maua. Muhula ukaisha, tukapewa ripoti za kupeleka nyumbani.

Nitawaeleza namba zile zinavyohesabiwa, lakini subirini kidogo, maana mimi mwenyewe niliambiwa nimeshachelewa.

Jioni ile uani hakuna aliyeuliza mwalimu kaandika nini. Kampala nzima ilikuwa na swali moja: "Agrigeti ngapi?" Walianza kumuuliza Apiyo, binti wa jirani yetu Afande Okello, askari polisi kutoka Gulu. Apiyo alisoma nami darasa moja, na mwalimu alikuwa amemkalisha dawati moja na mimi.

"Saba," akasema Apiyo.

Wakanigeukia. Nikatazama mwisho wa karatasi, kwenye kisanduku cha jumla. "Thelathini na nne."

Ua ukanyamaza. Mama akashika kifua kwa mikono miwili. Nakumbuka ule ukimya mpaka leo, na nakumbuka tulivyouelewa, yeye na mimi, kwa namna moja: tuliuona ni heshima. Saba, na thelathini na nne! Hata mtu wa sokoni angejua nani kashinda.

Tena mama hakuwa mjinga wa kuamini tu. Alikagua. Aliipeleka karatasi kwenye mwanga wa mlango, akaitafuta rangi moja. Kwetu, mtoto akianguka somo, alama yake inaandikwa kwa wino mwekundu. Hapo hakuna cha kujua kusoma wala nini; mzazi yeyote akiona nyekundu anaanza kuvua mkanda. Mama akatafuta nyekundu juu, akatafuta chini, akageuza nyuma. Bluu tupu. Mwalimu Nakato alikuwa na kalamu ya bluu, basi. Kisha akazitazama alama za masomo: ishirini na nane, thelathini na saba, kumi na tisa, thelathini na sita. Kwetu kila somo lina kiwango chake. Hili linasahihishwa juu ya kumi, yaani kumi ndiyo alama kamili, lile juu ya ishirini, lile juu ya arobaini.

"Thelathini na saba juu ya makumi ine!" akasema. "Faida! Mungu anaona."

Kumbe hapa alama kamili ya kila somo ni mia. Hakuna aliyetuambia, na hatukuwa na sababu ya kuuliza.

"Na hapa Mwalimu ameandika nini?" Akaweka kidole kwenye mstari wa maoni.

Katika mstari ule nilijua neno moja tu, jina langu. "Anasema anafurahi kunifundisha," nikajibu. Na haki ya Mungu niliamini karibu nusu.

Akaenda kuazima nyundo na misumari minne kwa Afande Okello. Akaipigilia ripoti yangu juu ya kitanda, ndani ya nailoni, ili moshi wa jiko usiifikie. Kesho yake akakaanga mandazi, akanituma na sahani kwa Apiyo. "Saba tu, masikini. Mwambie asichoke. Akitaka, unaweza kumufundisha."

Nikapeleka, nikasema kama nilivyotumwa. Afande Okello alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama Faida!" akapaza sauti hadi upande wetu. "Wewe mtu ya utani sana!"

Mama akanong'ona, kwa huruma kabisa, "Unaona? Anacheka juu anaona haya."

Muhula wa pili ulifunguliwa kwa mkutano wa asubuhi uwanjani. Mwalimu mkuu alikuwa na rundo la madaftari mapya na orodha. Akaanza kuita waliofanya vizuri. Wenye nne: hakuna. Wenye tano: mvulana mmoja, makofi. Wenye saba: Apiyo, makofi tena, madaftari matatu. Nikajiambia, kumbe wanaanza na wadogo. Nikanyoosha sketi, nikatoa mguu mmoja nje ya mstari ili zamu yangu ikifika nisichelewe. Akafika kumi na mbili, akafunga orodha yake.

Nikanyoosha mkono. Jamani, nikanyoosha mkono.

"Yes?" akasema mwalimu mkuu. "Una ngapi wewe?"

Nikaisema namba yangu kwa Kiingereza, niliyoifanyia mazoezi likizo nzima. Uwanja mzima ukacheka, mpaka wale wa darasa la kwanza ambao hata hawakujua wanacheka nini. Mwalimu mkuu hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akaniashiria nirudi kwenye mstari, na huruma ile ikanichoma kuliko kicheko.

Apiyo ndiye aliyenieleza, bombani, wakati wa mapumziko, kwa Kiswahili chake cha nyumba za polisi. "Wewe, agrigeti ni kama homa. Zikipanda, unaumwa." Akanihesabia kwa vidole. Kila somo linapewa namba kuanzia moja mpaka tisa. Moja ni ya aliyefaulu kupita wote, tisa ni ya aliyeanguka. Masomo ni manne, zinajumlishwa. Nne ndiyo juu kabisa, thelathini na sita ndiyo chini kabisa. "Wewe umebakisha mbili tu ugonge sakafu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu imefunguka.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kusema. Naapa. Nilikaa juu ya kitanda, chini ya ile karatasi, nikapanga maneno. Mama akaingia na mzigo, akautua, hakuomba hata beseni la maji ya moto.

"Leo nimefika Luzira kwa miguu," akasema, "na magoti hayaumi. Nikiiwaza ile karatasi, hayaumi. Jumapili nimewaambia kanisani, wakaimba." Akaitazama ripoti ukutani namna watu wanavyotazama picha ya harusi yao.

Ningesemaje? Ninyi mngesemaje? Nikafunga mdomo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilinichukua mwaka mzima, tena haikuwa na mahali pa kugeuzia.

Basi nikafanya kitu pekee nilichoweza, nikasoma. Nilifikiri, nikifaulu kweli, uongo utajifia wenyewe. Nilimng'ang'ania Apiyo, nikakariri maneno ya Kiingereza kwenye bomba, chooni, njiani. Na ripoti ya pili ikaja: ishirini na tisa. Nilikuwa nimepanda, jamani, nilikuwa nimetoka kwenye sakafu! Mwalimu Nakato alinishika bega. Nikatembea nyumbani nacheka peke yangu, mpaka nilipoingia uani na kukumbuka ninampelekea nani.

Mama aliitazama ile namba muda mrefu.

"Imeshuka."

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa thelathini na ine. Sasa ishirini na tisa. Tano zimeenda wapi?" Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, mikono kwenye magoti. "Umeanza kucheza. Nilijua. Mutoto akisifiwa, anacheza."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale na kazi yangu nzuri mkononi, nikikaripiwa kwa ajili yake, na siwezi kujitetea bila kumvua nguo mbele ya ua mzima. Nikasema, "Nisamehe, Mama." Nilitubu kosa la kufaulu. Hasira ile ninayo hadi sasa, na sijui hata nimkasirikie nani.

Likizo ile nilibeba vitenge. "Uone barabara," akasema mama, "uone vile kiti ni kitu kizuri." Tulianzia Kisenyi asubuhi, kwenye maduka ya Wasomali yenye marobota mpaka darini, akanipanga vipande vinane kichwani na vinne begani. Tukazunguka. Harufu ya nta ilinikaa puani hata nilipokula. Wateja walibembeleza bei kwa Kiganda na kwa Kiingereza, mama akanisukuma mbele: "Jibu." Nikajibu. Siku ya kwanza niliweza kutaja bei tu. Wiki ya tatu nilikuwa nabishana na mama wa saluni kwamba rangi haitoki, na akitaka afue hapa hapa tuone. Kwa hiyo adhabu ikanifunza lugha, na lugha ikanirudisha darasani naelewa kila kitu. Na kila nilichoelewa kilikuwa kinanisogeza karibu na mzigo. Fikirieni mtoto wa miaka kumi na moja anakaa dawatini akiogopa jibu sahihi.

Mama alikuwa ameshalisema wazi: "Ikishuka tena, hakuna la sita. Unabeba na mimi."

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulianza na Hesabu. Nikafungua karatasi na moyo ukanishuka, kwa sababu niliyajua maswali yote. Nilikaa nimeshika kalamu. Nikifanya, namba itashuka na shule imekwisha. Nikiharibu, shule itanirudisha nikae tena la tano, na hilo mama atalielewa bila kusomewa. Huku moto, huku maji. Apiyo pembeni yangu alikuwa anaandika kwa haraka, ulimi nje. Nikaanza kuharibu. Swali la kwanza nikaandika uongo. La pili, uongo. La tatu Mwalimu Nakato akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake.

"Hii jana umefanya kwa ubao," akasema polepole, kwa Kiswahili, ili nisijifanye sijaelewa. "Leo umesahau?"

Akachukua karatasi yangu na kalamu yangu, akanihamisha dawati la mbele, mkabala na meza yake. "Futa. Anza tena." Alikaa akinitazama mpaka mwisho, na mitihani yote iliyofuata nilikaa pale pale, chini ya macho yake. Sikuwa na pa kujificha. Nikaandika ukweli, namba kwa namba, machozi yananidondokea kwenye karatasi, naye akadhani naumwa tumbo.

Ripoti ya mwisho wa mwaka hawampi mtoto. Mzazi anaitwa, anakaa darasani na mwanawe, mwalimu anaisoma mbele yake. Nilipewa karatasi ndogo ya mwaliko. Nikaitafuna. Siwatanii, niliitafuna nikaimeza, na ina ladha ya gundi. Lakini jioni Afande Okello akapiga hodi, bado yuko na sare. "Mama Faida, kesho asubuhi tunaenda shule sote. Utavaa nini?" Mama akanitazama, nikasema nilisahau.

Alivaa kitenge chake cha njano, vipande vitatu, na kilemba. Mkononi alishika kitenge kingine, cha kijani, yadi sita, kimefungwa kwa karatasi. Ni cha Mwalimu, akaniambia: kumshukuru kwa ile thelathini na nne, na kumwomba airudishe. Njia nzima nilitafuta sentensi. Kila sentensi ilianza na "Mama" na ikaishia hapo.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti ya wazazi yamekwama chini ya mbao. Afande na Apiyo walikuwa dawati la mbele yetu. Mwalimu Nakato aliita mmoja mmoja. Apiyo alikuwa na sita. Kisha akasema jina langu, akatabasamu, na kwa heshima ya mama akajikongoja kwa Kiswahili.

"Mama Faida, habali ya leo. Mimi leo nafurahi sana. Mtoto yako alikuja na tatini na nne. Leo iko na kumi na nane! Wazazi, tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa. Yalikuwa makofi ya kweli, ya kwanza kupigiwa katika nchi hii, na nilitamani saruji ipasuke.

Mama akasimama.

"Munapiga makofi ya nini?" Sauti yake ilikuwa ile ya sokoni, ya kumzuia mtu anayeondoka na kitambaa. "Mwalimu, nilikuletea mutoto na thelathini na ine. Muko munanirudishia kumi na munane, na munacheka? Mumemuharibu, tena munafurahi? Ni juu sisi ni Bakongomani?"

Kicheko kilianzia nyuma, mtu mmoja, halafu safu nzima. Mama aligeuka kuwatazama wanaocheka, mmoja mmoja, na sijawahi kuona mtu amesimama peke yake namna ile.

Afande Okello ndiye aliyeinuka. Akainua mkono, darasa likanyamaza, sare ina kazi yake. "Mama Faida, ngoja kwanza. Sikiliza mimi. Hapa Uganda hesabu yao inarudi nyuma. Ile namba kidogo ndiyo mkubwa. Nne ndiyo ya kwanza, thelathini na sita ndiyo ya mwisho. Mtoto amepanda, Mama. Amepanda sana." Halafu uso wake ukabadilika. "Kumbe yale mandazi..." akasema, na hakumalizia. Akakaa.

Mama alikaa pia. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anahesabu upya, namba baada ya namba, mwaka mzima: ua uliponyamaza, kanisa, mandazi, likizo. Alihesabu haraka kama kawaida yake. Akafika kwangu.

"Ulikuwa unajua?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, hapo hapo. Neno moja tu.

"Hapana, Mama," nikasema.

Mbele yetu Apiyo aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Mama hakunitazama mimi tena. Alimtazama Apiyo, shingo ile iliyoinama, akaitazama muda wa kutosha.

Kisha akasimama, akajinyoosha, akapita kati ya madawati mpaka mbele, akaweka kitenge cha kijani juu ya meza. "Mwalimu, unisamehe. Sikujua. Hii ni yako. Mutoto alikuwa chini, na weye umemutoa." Sauti haikutikisika. Mwalimu Nakato akamshika mikono yote miwili.

Njiani nilitembea nyuma yake nikiomba anipige. Hakunipiga. Nyumbani alichukua kijiko, akang'oa misumari kwa mpini wake, mmoja mmoja, akaishusha ile karatasi. Akakaa nayo mapajani.

"Ulifanya vizuri, na mi nikakubebesha muzigo likizo muzima," akasema. "Weye ukabeba. Ukanyamaza."

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini? Mimi?"

Sikujibu. Ndiyo, nilimwogopa, na nilimwonea huruma, na wakati ule sikujua kama mtu anaweza kufanya vyote viwili kwa mpigo. Akasema, "Basi," akainuka kuwasha jiko.

Niliingia la sita. Mzigo sikuubeba tena, hata nilipojitolea. Lakini wiki ile ile ilikuja barua ya ofisi ya wakimbizi. Nilinyoosha mkono kuipokea, kama siku zote. Mama akanipita nayo, akatoka uani. "Apiyo," akaita, "kuja unisomee."

Nilimsikia Apiyo akisoma mlangoni kwao, polepole, akikwama. Mimi nilikuwa naweza kuisoma kuliko yeye.

Ikawa hivyo. Barua, dawa, ripoti zangu zenyewe za la sita na la saba, vyote vilisomwa na Apiyo, na Apiyo alipohama, na jirani mwingine, na mtu wa duka, na mgeni yeyote. Alinipikia, alinishonea, alinisifu mbele ya watu. Karatasi hakunipa. Nilikua nikawa mkalimani; ndiyo kazi yangu mpaka leo, nakaa kati ya watu wa kwetu na maofisa, na kila siku kuna mama fulani ananinyooshea karatasi na kusema, "Soma, mwanangu." Nawasomea kila neno, hata baya. Mimi naitwa mkweli kazini! Mama yangu alinisikia nikisifiwa hivyo, akatabasamu, na jioni yake akampelekea bili ya umeme mwenye duka.

Zile ripoti sikuzijua ziko wapi mpaka juzi. Ile ya kumi na nane, ambayo haikupigiliwa ukutani hata siku moja, imechakaa kuliko zote. Mikunjo yake imelainika kama noti ya zamani, na sehemu ya namba imefifia kwa kushikwashikwa.

Nimebakiza jambo moja. Wiki ya mwisho wodini, asubuhi, muuguzi alileta majibu ya figo, akampa mama mkononi, akaenda kitanda kingine. Binti yangu, ambaye sasa ana umri wangu wa wakati ule, alikuwa amesimama upande wa mlango. Mimi nilikuwa kwenye kiti, karibu zaidi. Mama aliinua karatasi, akaipeleka upande wa mtoto, nikatazama dirishani kama nilivyozoea.

Mkono ukakaa hewani. Halafu ukarudi.

"Soma weye," akasema.

Niliishika. Herufi zilicheza, ikabidi nianze upya. Kulikuwa na namba moja iliyoandikwa kwa herufi nzito.

"Hiyo namba," mama akauliza, macho yake usoni kwangu, "ikipanda ni muzuri ao ni mubaya?"

Ningeweza. Sauti ya uhakika bado ninayo. Binti yangu alikuwa ananitazama.

"Kwa hii, Mama, ikipanda ni mbaya," nikasema. "Na imepanda sana."

Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali, polepole. Kisha akaupapasa mkono wangu, akaushika pamoja na karatasi yake.

"Aksanti, Faida," akasema. "Sasa soma yote."